Mjomba ameniachia kanda za disko, watu wanasema ni muziki wa mashoga

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, nafunga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho nafika mpaka Tandahimba. Mjomba wangu, kaka wa mama, alifariki mwaka jana nami nikarithi sanduku lake la kanda. Alikuwa mtu wa bandarini, hakuoa. Mle ndani kuna Donna Summer, Sylvester, Village People, Boney M, Brenda Fassie, na kanda moja imeandikwa kwa mkono wake 'House Chicago 88'. Nilipiga chache kwenye harusi moja Chikongola, ukumbi mzima ukasimama. Kesho yake mjumbe wa kamati akaniambia hizo zimetungwa na mashoga kwa ajili ya mashoga, na zinaharibu watoto. Akazungusha kwenye simu picha ya huyo Sylvester akiwa na gauni. Sasa nyumbani wanasema 'kumbe ndiyo maana hakuoa'. Mama analia, baba mdogo anataka sanduku lichomwe moto. Je, ni kweli asili ya muziki huu ni hiyo? Unaweza kumbadilisha mtu? Nizichome, nizifiche au nizipige? Halafu kuna nyimbo mle zinanigusa mahali ambapo hata kueleza siwezi. Na kanda nyingine zinakwama, sauti imefifia."*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mjomba. Umeuliza historia, umeuliza mwili, umeuliza familia na umeuliza ufundi, na yote nitayajibu. Ila naona linalokuumiza zaidi ni kwamba marehemu asiyeweza tena kujitetea anafanyiwa kesi, na ushahidi wenyewe ni sanduku la kanda. Tuanze na muziki, maana huyo mjumbe wa kamati ameshika nusu ya habari tu.

Ni kweli disko ilikulia mikononi mwa watu weusi, Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na wanaume wanaopenda wanaume wenzao, mjini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hilo sikufichi, wala sioni cha kulionea haya. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, wanaume wawili wakicheza pamoja kwenye baa ya mji ule wangeweza kuletewa polisi. Juni 1969 polisi waliivamia baa ya Stonewall kama walivyozoea kuvamia nyingine, safari hiyo wateja wakagoma, na vurugu zikaendelea kwa siku kadhaa. Februari 1970, David Mancuso akaanza kukaribisha watu kucheza nyumbani kwake, ghorofani katika barabara ya Broadway, mahali palipokuja kujulikana kama Loft. Uliingia kwa mwaliko. Pombe haikuuzwa. Kulikuwa na spika nzuri, matunda na vinywaji, na watu walicheza mpaka kunakucha bila kuogopa kukamatwa.

Kuna jambo huku kwetu halisemwi. Mojawapo ya santuri zilizoifungulia njia disko ni ya Mwafrika. Manu Dibango wa Cameroon alitoa "Soul Makossa" mwaka 1972, ikiwa upande wa pili wa santuri ya wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa kwao mwaka huo. Mancuso aliiokota katika duka la Wakaribi huko Brooklyn, akaipiga pale Loft, watu wakaitafuta mpaka nakala zikaisha mjini, na mwaka 1973 ikaingia kwenye chati za Marekani. Kwa hiyo atakayekuambia muziki huu Wazungu wamekaa wakautunga ili watuharibu, mwambie na Afrika ilikuwa na mkono wake tangu mwanzo.

Sasa sikiliza kwa sikio la kazi yako. Kwa nini vibao vya disko ni virefu, havipumziki, na besi inakupiga kifuani? Ni kwa sababu ya wale wachezaji. Mtu aliyejificha wiki nzima, kazini na nyumbani, akipata usiku mmoja wa kuwa yeye, hataki wimbo ukatike baada ya dakika tatu halafu kuwe na ukimya. Francis Grasso, dijei wa klabu ya Sanctuary, akawa anatumia mashine mbili za santuri: wimbo mmoja unacheza, unaofuata anausikiliza kwa hedifoni, analinganisha mapigo, anaupandisha taratibu juu ya ule unaoisha, na waliokuwa wakicheza hawatambui ulipoanzia. Unachokifanya wewe kila Jumamosi kwa kompyuta kilianzia hapo. Kisha Tom Moulton akaanza kurefusha nyimbo studio, anakata utepe na kuuunga ili kipande cha ngoma na besi kiendelee. Katikati ya miaka ya 1970 fundi aliyekuwa akimkatia santuri za majaribio aliishiwa sahani tupu za inchi 7, akatumia kubwa zaidi. Kwenye sahani kubwa mifereji haibanani. Besi ndiyo inayoyumbisha sindano kuliko sauti nyingine zote, kwa hiyo ndiyo inayohitaji nafasi; ilipoipata, ikatoka nene na kwa nguvu ambayo hawajawahi kuisikia. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikaingiza madukani "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, imerefushwa na dijei Walter Gibbons hadi zaidi ya dakika tisa. Na ile ngoma ya chini inayogonga kila pigo, pamoja na zile sahani za shaba za dramu (hi-hat) zinazofunguka na kujifunga katikati ya mapigo, mizizi yake ni kwa mpiga dramu Earl Young wa Philadelphia, kuanzia 1973.

Ndiyo maana nasema asili ya muziki huu haiwezi kung'olewa ikatupwa pembeni. Umbo lake lote limetokana na haja ya watu waliotaka usiku usiwaishie.

Lakini "zimetungwa na mashoga kwa ajili ya mashoga" si kweli. Donna Summer alikuwa mke wa mtu na mama wa mabinti watatu. "I Feel Love" ya 1977 alirekodi Munich na watayarishaji Giorgio Moroder na Pete Bellotte, karibu yote ikiwa ya mashine. Boney M ilikuwa mradi wa Frank Farian wa Ujerumani, na ile sauti nzito ya kiume unayoisikia kwenye rekodi ni yake mwenyewe, wakati Bobby Farrell akicheza mbele ya kamera. Village People ndiyo yenye mchanganyiko hasa: mwanzilishi Jacques Morali alikuwa shoga, na mavazi ya kundi yalitokana na aliyoyaona kwenye klabu za mashoga za New York, ilhali mwimbaji mkuu Victor Willis, aliyeandika sehemu kubwa ya maneno, si shoga. Ukitaka kugawa sanduku la mjomba kwa kuuliza nani analala na nani, utapotea mapema.

Sylvester hakujificha, basi turudi kwenye picha ile, tusiishie kwenye gauni. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1947, akaanza kuimba kanisani akiwa mtoto, katika kanisa la Kipentekoste. Huko ndiko alikoipata ile sauti ya juu inayopanda mpaka unadhani itakatika, halafu inapanda tena. Alihamia San Francisco, akajiwekea waimbaji wawili wanawake wenye sauti za kwaya, Martha Wash na Izora Rhodes, na mwaka 1978 akatoa "You Make Me Feel (Mighty Real)". Weka kanda hiyo usikilize nyuma ya mashine: kuna makofi, kuna kuitikiana, kuna mtu anayerudia neno lilelile mpaka linakuwa ushuhuda. Aliyewahi kusimama nje ya mkesha Masasi au Ndanda ataijua namna hiyo ya kuimba. Kinanda cha umeme kwenye wimbo ule ni cha Patrick Cowley, aliyefariki kwa UKIMWI Novemba 1982. Sylvester naye ulimchukua Desemba 1988, akiwa na miaka 41, na mapato ya nyimbo zake aliusia yaende kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI wa San Francisco. Sisi tuliogundua wagonjwa wetu wa kwanza Kagera mwaka 1983, tukazika jamaa na majirani miaka ile ile, hatuhitaji kufundishwa maana ya wosia wa namna hiyo.

Kuhusu mwanaume kuvaa vya kike na kucheza, watu wa kusini tusijifanye wageni. Katika ngoma za jando na unyago za Wamakonde, mchezaji wa kiume hujifunga kinyago cha mwili kilichochongwa matiti na tumbo la mjamzito, akacheza mbele ya watu wazima na heshima zao. Sisemi ni kitu kimoja na jukwaa la San Francisco. Ngoma ile ina mafunzo yake na miiko yake. Nasema tu kwamba mtu kuchukua umbo lingine ndani ya ngoma halikuanza na picha ya kwenye simu.

Baba mdogo anataka moto. Moto umewahi kujaribiwa. Tarehe 12 Julai 1979, huko Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita watu kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park: ukija na santuri ya disko unaingia kwa senti 98 za dola. Walikuja karibu watu 50,000. Kati ya mechi mbili, sanduku la santuri likalipuliwa katikati ya uwanja, umati ukamiminika ndani, na mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mmoja mweusi, Vince Lawrence, alikuwa pale kama mwongozaji wa watazamaji. Baadaye amesimulia kwamba nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa hata za disko, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Kijana huyo huyo, mwaka 1984, alishirikiana na Jesse Saunders kutunga "On and On", inayohesabiwa miongoni mwa santuri za kwanza za hausi, ndiyo hiyo 'House' iliyoandikwa kwenye kanda ya mjomba.

Hausi ilizaliwa humohumo Chicago. Tangu 1977 Frankie Knuckles, dijei aliyetoka New York, alikuwa akipiga kwenye klabu ya Warehouse, ambayo wateja wake wengi walikuwa wanaume weusi na Walatino wanaopenda wanaume. Kampuni kubwa zilipoikimbia disko, yeye akaendelea na santuri zilezile, akazikata, akazirefusha, akaziongezea ngoma za mashine. Vijana wa mjini wakanunua mashine za ngoma za kampuni ya Roland zilizokuwa zimeshashuka bei, wakatengeneza za kwao vyumbani. Kanda ya "House Chicago 88" inatoka kwenye wimbi hilo, na mimi kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote sandukuni, maana inawezekana ni mchanganyiko wa dijei usiopatikana popote pengine.

Kutoka Chicago muziki huo ukavuka bahari mpaka Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Soweto waliipunguza hausi kasi, wakaimba juu yake kwa lugha zao, ikawa kwaito. Na hapo ndipo anaingia Brenda Fassie, aliyekuwa akisema hadharani kwamba anapenda wanawake. "Vulindlela" yake ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ni furaha ya mama ambaye mwanawe anaoa. Mwulize mjumbe wa kamati, kwa heshima kabisa, ni harusi ngapi za Mtwara na Lindi ameicheza, na ni bibi harusi yupi aliyeharibika.

Hilo linajibu na swali lako la kubadilika. Mapigo yanayorudi kwa nafasi sawa, takriban 120 kwa dakika, ubongo huanza kuyatabiri, na miguu ikafuata kabla hujaamua. Sauti za chini sana husikika kwa mwili mzima pamoja na masikio. Watu wengi wakiingia kwenye pigo moja hujisikia ndugu kwa muda huo, na ndiyo siri ya sindimba na ya singeli pia. Muziki unaweza kukuchangamsha, kukuliza, kukupa ujasiri wa kucheza mbele ya wakwe. Hauna uwezo wa kumpangia mtu ampende nani. Hofu yenyewe si ngeni: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa madai hayo hayo ya kuharibu vijana, na vijana wale leo ni babu zetu wanaoomba zilipendwa.

Sasa mjomba. Kanda si ushahidi wa mtu alimpenda nani. Tanzania Bara haikuwa na runinga mpaka 1994, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 masika yaliikata barabara ya Dar. Kitu kipya kilifika Mtwara kwa meli au mkononi mwa msafiri, na mtu wa bandarini alikipata kabla ya wengine. Boney M ilikuwa kwenye nyumba za masheikh na za makatekista. Watu hawaoi kwa sababu nyingi: umaskini, ugonjwa, mapenzi yaliyovunjika, kupenda upweke. Wewe huijui sababu yake, mimi siijui, na baba mdogo pia haijui.

Na ikiwa maneno yao ni ya kweli? Basi mjomba wako aliishi miaka yote hiyo akiwa na jambo asiloweza kulitamka, na nyimbo hizi zilikuwa mahali pekee alipolisikia likitamkwa kwa furaha. Hilo haliondoi hata kimoja katika aliyokutendea. Wewe ni mpwa. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mjomba ndiye mlezi na mwenye sauti, na kaka wa baba yako hana neno la mwisho juu ya mali ya mjomba. Mama yako mwambie maneno machache tu: mjomba alipenda muziki mzuri, na wewe unautunza. Hahitaji historia ya New York. Anahitaji kusikia kwamba mwanawe hajamwonea haya kaka yake.

Kuchoma nakukataza bila kusita, kwa kuwa hakurudishiki. Kuficha kwa muda si uoga: ondoa sanduku nyumbani leo, lipeleke kwa mtu unayemwamini, hasira zipoe. Kupiga kunategemea. Harusi ni ya wenye harusi. Kaa na kamati mapema, waoneshe orodha, weka disko kwenye saa ya zilipendwa baada ya chakula, wazee wanapoinuka. Usichukue kipaza sauti kueleza habari za Sylvester, na habari za mjomba usizijibu ukumbini wala kwenye magrupu ya WhatsApp. Nakwambia hivi kwa sababu sheria yetu ni kali: Kanuni ya Adhabu inaadhibu tendo la ngono kati ya wanaume, na kifungo kinaweza kufika maisha. Kupiga kanda harusini si tendo hilo, lakini uvumi hausomi vifungu, na kazi yako inategemea jina lako. Mtu akianza kukutishia au kukudai pesa ili anyamaze, usilipe. Tunza ujumbe wake na umwone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria ana kwa ana, usiende peke yako.

Umesema kuna nyimbo zinakugusa mahali usipoweza kueleza. Sitakuuliza ni wapi, na wewe huna deni la kumweleza yeyote. Inawezekana ni msiba. Kusikia alichokisikia marehemu ni kukaa naye. Inawezekana ni jambo lako mwenyewe, na kama ni hivyo, halikutoka kwenye kanda na wala si ugonjwa. Nenda nalo taratibu. Mtafute mshauri nasaha au daktari wa kuonana naye uso kwa uso, na kabla hujafungua moyo muulize kwanza siri zako anazitunzaje. Jibu lake likikutia shaka, zungumza habari za msiba tu, uondoke. Akikuahidi "kukuponya", huyo si wa kwako. Ukifika mahali huli, hulali, au unawaza kufa, usingojee kumpata mshauri kamili: nenda hospitali siku hiyohiyo, pamoja na rafiki.

Kanda zenyewe sasa, na hapa joto la pwani ndilo adui. Kabla ya kupiga, zungusha kila kanda mbele mpaka mwisho, kisha nyuma, ili tabaka zilizogandana ziachane. Ikikwama bado, kasha ndilo limepinda. Hamishia utepe kwenye kasha jingine lenye skrubu tano. Angalia kile kipande kidogo cha sufi nyuma ya utepe. Gundi yake hukauka kikadondoka, na sauti ikafifia. Safisha hedi ya mashine kwa pamba na spiriti. Kama bado sauti ni kama imefunikwa blanketi, zungusha kidogo kidogo skrubu iliyo pembeni ya hedi huku unasikiliza zile sahani za shaba, mpaka ziwe kali. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu: usipige kabisa, mpelekee fundi wa kanda. Rekodi kwenye kompyuta kwa faili za WAV, zisizobana sauti, nakala mbili sehemu mbili, piga picha maandishi ya mjomba kwenye kila jalada. Usiziweke juu ya spika zako za kazi, sumaku yake inaweza kuzifuta. Na ukimpata fundi, mpe kanda mbili zisizo na thamani kubwa kwanza, usikie kazi yake, ndipo umkabidhi nyingine.